Spika za nyumbani: Twataka kishindo au maneno?

Wahenga walinena kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Methali hiyo hunijia kila nipitapo mitaani hapa Mombasa baada ya sala ya Isha, nikasikia vioo vya madirisha vikitetemeka kwa filamu iliyofunguliwa nyumba ya tatu kutoka nilipo. Kishindo nakisikia barabara. Mtu anasema nini katika filamu hiyo, silijui neno hata moja. Na nikibisha hodi nikaingia, nikaketi na wenyewe, aghalabu nakuta na wao hawalijui. Wamenunua spika sita wakapata ngurumo. Maneno wameyaacha dukani.

Msomaji mpenzi, leo siandiki juu ya ubaya wa filamu wala uzuri wake. Hilo lina wenyewe. Nataka tuzungumze juu ya chombo chenyewe, hizi spika ambazo zimeingia majumbani mwetu kwa jina la homu thieta, yaani sinema ya nyumbani. Rai yangu ni moja, nami naiweka mapema ili mwenye haraka asipoteze wakati: spika ya nyumbani hununuliwa kwa ajili ya maneno kwanza, kishindo baadaye. Anayeupindua mpango huo hupoteza fedha zake, humuudhi jirani yake, na huwafukuza wazee wake ukumbini bila ya kujua.

Sisemi haya kwa kusoma tu. Yamenifika. Mtoto wa ndugu yangu, kijana mwenye kazi yake na mapenzi makubwa kwa nyanya yake, alinunua seti nzima ya spika akaileta katika nyumba anamokaa mama yangu mzazi. Zilikuwa siku za Idi. Alinipigia simu akaniambia, "Ami, njoo usikie kitu. Hii ni wati elfu kumi!" Nikaenda.

Kijana alikuwa amefanya na jambo jingine la hekima. Alichukua kaseti moja ya mwaka wa 1984, ambayo marehemu baba yangu alijirekodi nyumbani akighani shairi lake, akaihamishia katika flashi. Mama hakuwa ameisikia sauti hiyo kwa miaka mingi. Tukaketi wote, wakubwa kwa wadogo. Kijana akabonyeza rimoti. Kikatoka kishindo kama cha ngoma iliyofunikwa kwa godoro. Sauti ya baba ilikuwamo, lakini kama ya mtu anayesema ndani ya mtungi. Mama akainamisha kichwa, akategea sikio, kisha akasema polepole: "Wanangu, namsikia yuasema. Asemani, sisikii."

Kijana akaongeza sauti. Mama akainuka, akaenda zake chumbani, akasema ana usingizi. Ilikuwa saa mbili na nusu.

Usiku ule sikulala vyema. Nilijiuliza, vipi mtu afe, sauti yake ibaki salama katika utepe kwa miaka arubaini, kisha iangamie katika spika mpya zilizonunuliwa kwa mapenzi? Siku ya pili nilirudi, nami nitaeleza tuliyoyakuta. Lakini kwanza tujue chombo hiki kimetoka wapi, maana asiyejua asili ya kitu hawezi kukitumia kwa kazi yake.

Spika tunazozijua leo zilipata umbo lake mwaka wa 1925, pale Chester Rice na Edward Kellogg wa Marekani walipoeleza namna ya kusukuma koni ya karatasi kwa koili ya waya iliyokaa ndani ya sumaku. Karibu miaka mia imepita, na spika nyingi duniani zingali zikifanya kazi kwa njia hiyo hiyo: umeme huisukuma koili, koili huisukuma koni, koni huisukuma hewa. Mwaka wa 1931, Mwingereza Alan Blumlein aliomba haki ya kumiliki ugunduzi wake wa sauti ya pande mbili, tunayoiita sterio. Inasimuliwa kwamba alikuwa sinema na mkewe, akakereka kuona mwigizaji yuko upande mmoja wa pazia na sauti yake yatoka upande mwingine. Angalia basi, msomaji, shina la jambo hili. Hakuwa akitafuta ngurumo. Alitaka neno litoke pale ulipo mdomo.

Ndiyo maana katika majumba makubwa ya sinema spika kuu huwekwa nyuma ya pazia lenyewe, na pazia hutobolewa vitundu vidogo vidogo ili sauti ipite. Sisi tuliokuwa vijana Mombasa tukienda Regal na Naaz hatukujua siri hiyo, bali tuliila faida yake: mtu aliyeketi pembeni kabisa, kwa tikiti ya bei ya chini, alisikia maneno kama aliyeketi katikati. Majumba yale yalifunga milango yake kwa filamu. Sinema ikahamia nyumbani, na mwaka wa 1992 filamu ya *Batman Returns* ikawa ya kwanza kuonyeshwa kwa sauti ya Dolby ya kidijitali, ile yenye mpango wa spika tano na moja. Tatu ziko mbele, yaani kushoto, katikati na kulia. Mbili ziko ubavuni kuelekea nyuma. Ya sita ni lile sanduku la besi ambalo vijana hulijua kwa jina la wufa.

Sasa shika jambo hili kwa mikono miwili: katika filamu nyingi sana, maneno ya waigizaji hupelekwa katika spika ya katikati. Za ubavuni hupewa mvua, upepo na magari yapitayo. Wufa hupewa mizinga. Basi mwenye kununua wufa kubwa kama pipa, na spika ya katikati ndogo kama kopo la maziwa, ni sawa na mtu aliyealika watu karamuni, akakodi ngoma kubwa, akasahau kupika wali.

Tuje kwenye kuchagua. Madrasani tulifundishwa makharija ya herufi kabla ya kufundishwa mengi mengine. Sin ina mahali pake, swad ina mahali pake, thaa ina mahali pake. Aliyezichanganya alirudishwa mwanzo wa mstari, na fimbo ya mwalimu haikuwa mbali. Spika nayo ni msomaji. Kama inachanganya herufi, hata ikiwa na umbo zuri na taa za buluu usoni, haijafuzu.

Na hili lina sababu yake ya kitaalamu. Sikio la kijana mzima husikia kuanzia mitetemo 20 kwa sekunde hadi 20,000. Besi inayotetemesha kifua iko chini ya mitetemo 100 au zaidi kidogo. Lakini herufi zinazotenga neno na neno, kama s, sh, th na f, hubebwa na mitetemo ya juu, maelfu kwa sekunde. Mtu azeekapo, sikio lake huanza kupoteza hiyo ya juu kwanza. Ndipo mzee akasikia kwamba mtu anasema, asisikie anasema nini. Ukimwongezea besi humsaidii, unamfunika zaidi. Mama yangu hakuwa kiziwi usiku ule. Alinyimwa herufi.

Kwa hiyo niendapo dukani huchukua flashi yenye mtu anayesoma taarifa ya habari, na mwingine anayeghani shairi bila ya ala. Kurani tukufu siifanyi chombo cha kujaribia bidhaa katikati ya zogo la duka. Ina heshima yake. Nasikiliza kama spika yatofautisha thamani na samani, dhiki na ziki, ghali na kali. Sisi watu wa Mvita tuna mtihani mkali zaidi. Paa la nyumba na paa wa mwituni huandikwa sawa, lakini mnyama hutamkwa kwa pumzi. Kaa la moto na kaa wa pwani ni vivyo hivyo. Spika ikikupa pumzi ile ukaijua bila ya kukisia, hiyo ni spika. Waimbaji wetu kama marehemu Juma Bhalo na marehemu Zein l'Abdin walipendwa kwa sauti na kwa ala, lakini walikumbukwa kwa maneno. Watu walikwenda makwao wakibishana juu ya fumbo lililoimbwa. Nani atabishana juu ya fumbo asilolisikia?

Jihadhari na hila moja ya dukani. Ukilinganisha spika mbili, ile iliyofunguliwa kwa sauti kubwa zaidi kidogo daima huonekana bora. Muuzaji anayetaka kukuuzia moja huipandisha hiyo. Mwambie azilinganishe sauti kwanza, ndipo usikilize. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Hila ya pili ni wati. Zile wati elfu kumi za mtoto wetu ziliandikwa juu ya boksi kwa herufi kubwa, na pembeni yake herufi nne za Kizungu: PMPO. Hizo si wati za kazi, ni za mapambo. Wati za kweli, zile ambazo chombo chaweza kuzitoa mfululizo, huandikwa RMS. Nikamwambia kijana ageuze chombo tutazame kibandiko cha nyuma. Kilisema kwamba chombo kizima hula wati 80 za umeme. Nikamwuliza, "Mwanangu, mtu anayekula sahani moja ya wali aweza vipi kugawa pishi elfu?" Akacheka, lakini cheko lake lilikuwa na machungu.

Tena wati si kitu cha kuringia sana. Ukiongeza nguvu mara mbili, tuseme kutoka wati 50 hadi 100, sauti hupanda desibeli tatu tu, nyongeza ambayo sikio huiona ni kidogo. Ili sauti ionekane imekuwa kubwa mara mbili wahitaji nguvu mara kumi. Afadhali uulize jambo ambalo wengi hawaulizi: spika hii, kwa wati moja, umbali wa mita moja, hutoa desibeli ngapi? Inayotoa 88 kwa wati 50 italingana na inayotoa 85 kwa wati 100.

Kwa hali yetu ya pwani ongeza sharti jingine. Tazama ule ukingo laini unaoizunguka koni. Wa sponji huoza upesi kwa joto na unyevunyevu wetu; wa mpira hudumu zaidi. Na waya za shaba ncha zake hugeuka kijani kwa hewa ya chumvi. Zikate na uzichune upya kila baada ya muda, uzikaze vizuri, kabla ya kumlaumu fundi.

Na mwenye fedha kidogo afanyeje? Rahisi huvunja upishi. Asinunue sita dhaifu. Anunue mbili njema za mbele, na amplifaya ya kadiri. Akiziweka sawasawa, maneno yatasikika katikati yake kana kwamba kuna spika ya tatu. Ila aingie katika mipango ya chombo, akiambie kwamba spika ya katikati haipo. Wengi husahau hilo, na maneno yakaendelea kupelekwa mahali pasipo na mtu. Ya katikati aiongeze baadaye, iwe ya kampuni ile ile na aina ile ile, ili sauti isibadilike ikihama. Mwenye chumba kidogo na asiyetaka waya nyingi atatoshewa na saundiba, ule mwamba mmoja mrefu uwekwao chini ya televisheni, maadamu una spika ya katikati ya maneno.

Sasa kuweka. Fundi bora wa jambo hili ni kamba. Funga kamba kutoka spika ya kushoto hadi ya kulia, kisha kwa urefu ule ule vuta hadi mahali pa kuketi. Zikitoka pembe tatu sawa, umepata. Spika za ubavuni ziwe kando ya msikilizaji, zimerudi nyuma kidogo, na juu ya kichwa chake kiasi. Ya katikati ikae chini ya televisheni au juu yake, karibu nayo iwezekanavyo, na uso wake uelekezwe masikioni mwa watu. Ile spika ndogo ya sauti za juu, iitwayo twita, iwe usawa wa sikio. Na hapa twatofautiana na wanaoandika vitabu vya maelezo. Wao huketi juu ya makochi. Wengi wetu huketi chini, juu ya mkeka na mito. Sikio la aliyeketi chini liko chini. Shusha spika zako, au ziinamishe, la sivyo herufi zitapita juu ya vichwa vyenu ziende kusikilizwa na saa ya ukutani.

Nyumba nazo hutofautiana. Zile za mawe za Mji wa Kale na za Lamu zilijengwa kwa kadiri ya boriti za mikandaa, na kwa hivyo vyumba vingi ni virefu lakini upana wake hauzidi mita tatu. Humo weka televisheni ukuta mfupi, uketi karibu, spika za mbele zisibanwe kabisa na kuta za pembeni. Ukuta wa nyuma usiuegemee, maana besi hujikusanya hapo. Kuta zile nene, zenye zidaka na chokaa isiyonyooka, huivunja sauti vizuri isirudi kama mwangwi. Wazee hawakuzijenga kwa ajili ya filamu, lakini zafaa. Na kama muuzaji akikupigia debe la spika za mtindo wa Dolby Atmos, uliotokea mwaka wa 2012, zile zinazorusha sauti juu ili irudi kutoka darini, mwulize kwanza dari yako ni ya nini. Zahitaji dari bapa. Boriti na makuti havirudishi kitu.

Fleti mpya zina msiba mwingine: vigae chini, vioo mbele, kuta tupu za simiti. Sauti humo hurukaruka kama mpira. Dawa yake si spika ghali zaidi. Ni zulia, mapazia mazito, mito, na kabati la vitabu. Shilingi iliyotumika kwenye zulia huenda ikafanya kazi kuliko kumi zilizotumika kwenye wati.

Wufa nayo ina adabu yake. Ukiitia pembeni mwa chumba hunguruma zaidi, na wengi huona ndiyo sifa. Njia ya kuipatia mahali ni hii: iweke kwa muda pale unapoketi wewe, ifungulie, kisha utambae chini kandokando ya kuta ukisikiliza. Pale besi iliposikika imetulia, kila noti na yake, hapo ndipo pake. Mimi nilitambaa na kanzu yangu, wajukuu wakaangua kicheko, lakini mahali tulipapata.

Lakini hata wufa iliyowekwa vizuri ina jambo zito. Katika joto letu sauti husafiri kiasi cha mita 350 kwa sekunde. Mtetemo wa 40 kwa sekunde basi una urefu wa karibu mita tisa, mrefu kuliko vyumba vyetu vingi. Pazia haliuzuii. Mlango hauuzuii. Ukuta wa matofali ya simiti wauzuia kidogo tu. Maneno ya filamu yatabaki kwako, besi itakwenda kwa jirani. Yeye hapati hadithi. Hupata mapigo yake tu, dum, dum, mpaka usiku wa manane. Huenda ana mtoto wa mtihani. Huenda ana mgonjwa. Sisi tumefundishwa kwamba Jibrili alimuusia Mtume wetu, sala na salamu zimshukie, haki ya jirani mara kwa mara, hata akadhani kwamba jirani atafanywa kuwa mrithi. Basi huyu ambaye nusura arithi, twamrithisha kelele?

Na kama hayo hayatoshi, iko sheria. Kanuni za Kenya za mwaka wa 2009 za kuzuia kelele na mitetemo zimeweka kiwango cha usiku ndani ya makazi kuwa desibeli 35, na usiku wa kanuni hizo huanza saa mbili. Hata wewe mwenyewe una haki juu ya masikio yako. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu asizidi desibeli 80 kwa saa 40 za wiki. Amplifaya nyingi zina kitufe cha usiku, ambacho hupunguza kishindo na kuinua maneno. Kibonyeze. Isha ikisha kusaliwa, izime wufa kabisa. Hadithi haitapungua kitu.

Najua nitajibiwa. Vijana watasema: "Ami, bila ya besi filamu haina ladha." Nami sikatai. Chumvi pia ni ladha, lakini hakuna aliyepika sufuria ya chumvi akatia wali kijiko kimoja. Wengine watasema kwamba haya ni mambo ya wenye fedha, mwandishi amekosa la kusema. Nao nawajibu kwamba tuliyoyafanya kwa mama yangu hayakutugharimu hata senti moja, na hayo sasa nayaeleza.

Siku ile ya pili tulikuta makosa manne. La kwanza, spika ya katikati ilitiwa ndani ya kabati la vioo, milango imefungwa, na juu yake kimetandikwa kitambaa cha kufuma, kazi ya mikono ya mama mwenyewe. La pili, wufa ilikuwa pembeni kabisa, imefunguliwa mpaka mwisho. La tatu, waya za spika ya kushoto ziligeuzwa, nyekundu penye nyeusi. Kosa hilo ni dogo kwa macho na kubwa kwa sikio: koni moja husukuma mbele wakati nyingine inavuta nyuma, na sauti ya mtu ikawa haina mahali, yaelea tu chumbani. La nne, kijana alichagua katika rimoti ule mtindo wa ukumbi mkubwa, unaotia mwangwi wa uongo. Kaseti ya baba ilirekodiwa kwa maikrofoni moja. Sauti moja, mtu mmoja. Haina haja ya kugawanywa kwa spika tano wala kutiwa mwangwi wa ukumbi ambao hakupata kuuingia.

Tukaitoa ya katikati nje, tukaiweka mbele ya televisheni. Kitambaa tukakirudisha juu ya meza kwa heshima zake. Waya tukazigeuza. Mwangwi tukauondoa, wufa tukaizima. Kisha nikamwita mama. Alikuja akaketi pale pale pake, juu ya mto wake, uso hauna matumaini.

Kijana akabonyeza rimoti, kwa sauti ndogo kuliko ya usiku uliopita. Baba akaanza kughani. Ubeti wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Katika wa tatu kulikuwa na kikohozi kidogo, kisha kimya, kisha mlio hafifu wa bilauri ikiwekwa juu ya sahani. Mimi nilikuwa nimeisikiliza kaseti ile mara nyingi katika maisha yangu, wala sikupata kuusikia mlio huo. Mama akainua mkono wake. "Hapo alikohoa," akasema. "Ndipo nilipomletea maji." Kisha akanyamaza, akasikiliza mpaka mwisho.

Hiyo ndiyo kazi ya spika, msomaji mpenzi, wala sijui kazi nyingine inayoizidi. Kama nyumba yako ina mzee, basi ni yeye wa kupima kama umenunua vizuri. Usimwulize kijana aliyeketi karibu na wufa. Mwulize mzee aliyeketi pembeni: umesikia alivyosema? Akikujibu kwa kukusimulia, umefaulu. Akisema ana usingizi na saa ni mbili na nusu, inuka ukatazame waya zako.

Namaliza kwa beti tatu, kama ilivyo desturi yetu.

Uingiapo dukani, sikio ulifungue,
Usivutwe na thamani, wala rangi uchague,
Msemaji wa kandani, asemalo ulijue,
Sauti siyo kishindo, neno na lieleweke.

Usiku una jirani, ukutani asikia,
Ana mgonjwa chumbani, lepe halijamwingia,
Besi shusha kwa hisani, radhi utajipatia,
Sauti siyo kishindo, neno na lieleweke.

Mkongwe aliye kando, mkumbuke kikaoni,
Hadithi ina mkondo, naye aijue ndani,
Hilo tendo la upendo, lapita la madukani,
Sauti siyo kishindo, neno na lieleweke.